Fisi Maji wa Lowell

Kip Lindahl aliileta habari kwa furaha, mdomo umejaa keki, na ndiyo maana Signe Rautio alichelewa kidogo kuona ubaya wake.

"Tumekubaliwa!" alisema. "Gwaride la majira ya baridi, mwaka huu tumo. Mji mzima wa Tamarack Bay utatuona."

Walikuwa watu tisa kwenye chumba walichozoea kukodi kila Jumapili mchana, nyuma ya uwanja wa barafu. Mezani kulikuwa na manyoya bandia ya kila rangi, vipande vya sponji, mikasi, gundi ya moto na birika la kahawa. Walikuwa na kazi zao kama watu wengine: huyu muuguzi, yule fundi bomba, Kip mwenyewe wakala wa bima. Ila kila mmoja alikuwa na mnyama wake aliyembuni mwenyewe, akamchora, akamshonea mwili, mkia na kichwa, na siku ya kukutana alimvaa akawa yeye. Mji ulijua kwamba wapo. Kwa miaka sita ulikuwa ukiwacheka kwenye foleni za maduka, hata bila kuwajua wote ni kina nani.

"Mwaka jana walisema tutawatisha watoto," Signe alisema. "Leo wamelainishwa na nini?"

"Kuna sharti dogo tu." Kip alijifuta midomo. "Tutatembea mbele ya tela la Chama cha Wawindaji. Wao watakuwa na bunduki za vizibo. Wakipiga, tunaanguka. Tunainuka, tunakimbia, wanapiga tena. Watu watavunjika mbavu!"

Signe aliitua sindano. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mpana wa mabega, dereva wa lori la halmashauri la kusukuma theluji, na hakuwa mwepesi wa kuongea. Sasa masikio yalikuwa yamemwiva.

"Kwa hiyo sisi ni kitoweo."

"Ni mzaha, Signe."

"Wa nani? Miaka sita wanatucheka wakiwa wamesimama, sasa wewe unawapelekea viti wakae wacheke vizuri?"

"Haya, ameanza."

"Nimeanza na sijamaliza! Nani katoa wazo hili?"

Kip aliangalia kahawa yake. "Ndugu yako," alisema. "Arvid."

Hapo hasira zilimpanda Signe. Arvid alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Alikuwa amekula kwake Krismasi, akashuka mpaka chumba cha chini anakoshonea, akashikashika vichwa rafuni na kuuliza maswali. Signe alidhani mtu anauliza kwa sababu anataka kujua.

Wakapiga kura. Mikono sita ilikubali, na wa sita ulikuwa wa Lowell Briggs.

Huo ndio uliomuuma. Lowell alikuwa mpeleka barua mstaafu wa miaka sitini na sita, mjane, mtu wa sauti ya chini. Signe ndiye aliyemshonea mnyama wake, fisi maji wa kahawia aitwaye Kokoto. Kichwa peke yake kilimchukua majira yote ya joto. Alichonga sponji mara tatu mpaka mashavu yakakaa, akanyoa manyoya ya uso kwa mashine ya kinyozi, akapachika sharubu moja moja kwa kibanio. Macho aliyatengeneza kwa wavu mweusi uliopakwa rangi, ili ndani mtu aone kidogo na nje watu wasione mtu. Siku Lowell alipokivaa mara ya kwanza alisimama mbele ya kioo nusu saa nzima bila kusema neno. Wala asingesema, maana hiyo ilikuwa kanuni yao: ukishavaa, mnyama haongei, na uso wa mtu hauonekani hadharani.

Signe alimkuta nje akikwangua barafu kwenye kioo cha gari.

"Mzee, hata wewe?"

"Hata mimi."

"Watakudhalilisha."

"Signe, mama," Lowell alisema bila kuacha kukwangua, "nikingoja waniheshimu kwanza ndipo nitoke, nitazikwa nikingoja. Mimi nataka kutembea barabara kuu nikiwa Kokoto. Mara moja tu. Wakitaka nianguke, nitaanguka. Theluji ni laini."

Jioni Signe alimpigia simu Arvid.

"We Arvid, huna haya?"

"Dada, acha mambo makubwa. Mnavaa mikia, mnataka watu walie?"

"Wewe unavaa koti la rangi ya chungwa, unakaa juu ya mti saa sita kumvizia paa. Nimewahi kukucheka?"

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti yake?"

Arvid alifikiri. "Paa analiwa," alisema, akacheka peke yake. Signe alikata simu.

Yeye hakukubali kuvaa, kwa hiyo siku ya gwaride akapangiwa zamu. Theluji ilikuwa inaanguka tangu asubuhi, baridi ya kufanya kope zishikane, na lori lake liliwekwa mwisho kabisa wa msafara ili lisafishe njia nyuma yao. Mbele yake kulikuwa na tela la wawindaji, limepambwa misonobari, wanaume kumi na wawili juu yake wakipitishiana chupa. Mbele ya tela walikuwa wenzake. Kupitia wipa aliona mkia wa bluu wa mbwa mwitu wa Kip ukiyumba, aliona mbweha, aliona sungura wawili, na nyuma yao Kokoto akitembea kwa madaha, akipunga mkono kulia na kushoto kama bwana harusi, na watu wakimpungia.

Pa! Vizibo vikaruka. Wanyama wakaanguka. Watu waliojipanga kando wakapasuka vicheko. Wanyama wakainuka, wakakimbia kidogo, pa! Wakaanguka tena. Signe alikuwa ameushika usukani kama anataka kuunyonga. Midomo yake ilikuwa inasema maneno ambayo mama yake angemsabunia ulimi.

Mara ya tano, Lowell hakuinuka haraka. Alikuwa ameanguka karibu na ukingo, magoti yamezama, na ndani ya kichwa kile hewa ilikuwa imejaa mvuke hata wavu wa macho ukaganda. Haoni kitu. Alipapasa theluji kwa makucha yake ya manyoya. Tela likampita. Akabaki peke yake, kati ya tela na lori.

Bonge la kwanza la theluji lilirushwa na mtoto. La pili na la tatu yalirushwa na watoto pia, halafu mtu mzima mwenye masharubu akainama akafinyanga lake, na baada yake ikawa ruksa kwa kila mtu. Lowell aliinua mikono miwili juu ya kichwa. Hakupiga kelele. Mnyama haongei. Watu wakadhani anaigiza, wakashangilia. Juu ya tela Arvid alikuwa amegeuka nyuma, anacheka, anaelekeza bunduki yake. "Huyu mbishi wa kufa!" alipaza sauti. Pa! Pa!

Kisha mtu mmoja akarusha kitu ambacho hakikuwa theluji. Kilikuwa kipande cha barafu kilichobanduliwa barabarani, na kilipompata Kokoto usoni Signe aliusikia mlio mpaka ndani ya lori.

Alisimamisha lori katikati ya njia, taa zikiwaka, akaruka chini.

Alifika kwa Lowell akamshika kwapani, akaona jicho moja la wavu limeingia ndani na manyoya yanayolizunguka yanaanza kuwa mekundu. "Mzee, unanisikia?" Lowell alitikisa kichwa, akaweka makucha juu ya kichwa chake kama anayezuia kofia kwenye upepo. Signe hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Alitafuta zipu ya shingoni, akaivuta, akakinyanyua kile kichwa, akakiinua juu kila mtu aone.

"Haya mtazameni!" alipiga kelele. "Mtazameni vizuri mnayempiga!"

Lowell alipepesa macho kwenye mwanga. Nywele zake chache zilikuwa zimelowa jasho, na damu ilikuwa inamtiririka kutoka kwenye nyusi.

"Ni Bwana Briggs," mtoto mmoja alisema. "Mama, ni Bwana Briggs wa barua."

Kicheko kilizimika. Yule mwenye masharubu alidondosha bonge lake akajifuta mikono kwenye suruali. Tela lilikuwa limesimama. Arvid aliteremka, bado anatabasamu nusu, kama mtu asiyejua pa kuliweka tabasamu lake.

"Dada, sikujua kama—"

Signe alimnyang'anya bunduki, akaipiga kwenye ukingo wa tela mara moja, mara mbili, mpaka kitako kikapasuka, akamtupia vipande miguuni.

"Hukujua ni nani? Na angekuwa usiyemjua ingekuwa sawa? Mkuki kwa nguruwe, siyo? Mtu ana miaka sitini na sita, amewaletea barua miaka thelathini kwenye theluji hii hii, leo katoka kuwapungia mkono, mkono tu, mkamponda kwa barafu! Na wewe Kip, njoo hapa! Ulisema mbavu zitavunjika. Njoo uhesabu basi!"

Mbwa mwitu wa bluu hakusogea.

Ndipo Lowell akasema, polepole, na si kwa wale watu. "Signe. Kwa nini umenivua?"

"Unatoka damu, mzee."

"Nilikuzuia. Uliniona nikikuzuia." Kidevu kilikuwa kinamtetemeka, na Signe aliona kwamba hakikutetemeka kwa baridi. Mzee yule alikuwa na hasira kuliko yeye. Alichukua kichwa cha Kokoto kutoka mikononi mwa Signe, akakikumbatia kifuani, akaondoka kwa miguu akiburuza mkia kwenye theluji, na watu wakampisha njia.

Halmashauri ilimsimamisha Signe kazi wiki moja kwa kuacha lori barabarani. Kip alimwandikia kwamba amewaaibisha wote na asije tena Jumapili. Alisoma, akafuta. Hayo hayakumnyima usingizi. Kilichomnyima usingizi ni Lowell, ambaye hakupokea simu siku nne. Siku ya tano aliacha kile kichwa kwenye ngazi ya mlango wa Signe, ndani ya mfuko wa karatasi, bila barua.

Signe alikishughulikia wiki nzima. Alifua damu kwa maji baridi, akatengeneza jicho jipya, akashona ule mpasuko. Kila alipokuwa anashona alikuwa anabishana na watu wasiokuwepo, na kila mara alishinda, isipokuwa alipobishana na Lowell.

Alhamisi mchana alikipeleka. Alipokata kona aliona gari la Arvid mbele ya nyumba, na Arvid mwenyewe na sepetu akiondoa theluji kwenye njia ya mzee. Alimpita bila kumtazama.

"Dada."

"Usiniite dada."

Lowell alimfungulia. Nyusi ilikuwa imeshonwa nyuzi tano. Meza yake ya jikoni ilikuwa imefunikwa kwa vyakula vya watu: bakuli za viazi na nyama, mikate, keki za limau, kadi zenye maua.

"Unaona?" alisema. "Tangu siku ile wanaleta. Yule aliyerusha barafu kaleta supu, kasimama hapo analia. Sasa wananionea huruma. Nikienda dukani wananiuliza, 'U hali gani, Bwana Briggs?' kwa sauti ya hospitali. Kokoto aliwafanya wanipungie mkono bila kujua ni mimi. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. Sasa haiwezekani tena."

"Walikuwa wanakuua, mzee."

"Ulikuwa na haki ya kuwakasirikia. Uvunje bunduki, uvunje na meno yao ukipenda. Lakini uso ni wangu. Uliutumia kuwapiga nao."

Signe alikaa bila kuvua koti. "Nisamehe," alisema, na neno lilitoka kwa shida kama msumari kwenye mbao mbichi. "Nilikuwa na hasira."

"Bado unayo."

"Bado ninayo."

Lowell alikitoa kichwa kwenye mfuko, akakigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye jicho jipya. "Kazi nzuri," alisema. Hakusema amesamehe. Akafungua mlango wa nje akaita, "Arvid! Ingia hapa."

Arvid aliingia akiwa ameshika kofia.

"Siku tatu unasukuma theluji yangu na hujasema neno. Unataka nini?"

"Nataka kusema samahani, mzee. Sijui niseme vipi."

"Basi usiseme. Vaa."

Arvid alitazama kile kichwa, akamtazama dada yake, akakivaa. Lowell alimfunga zipu, akamshika mkono, akamtoa uani. "Tembea mpaka sanduku la barua, urudi."

Yule mwanaume mkubwa alinyoosha mikono mbele kama kipofu. Hatua nne, tano. Pumzi yake ilisikika ndani ya sponji, nzito. Kwenye barafu mguu ulimteleza akaanguka kwa makalio, akabaki pale akigeuza kichwa cha fisi maji huku na huku.

Signe hakupanga. Alijikuta ameinama, amefinyanga, amerusha kwa nguvu zote za mkono wa dereva. Bonge lilimpata Arvid begani likapasuka.

"Nani huyo?" Arvid aliuliza kutoka ndani, sauti nyembamba. "Sioni. Jamani, sioni kitu!"

Signe alikuwa ameshaokota la pili. Lowell alimshika kifundo cha mkono.

"Moja linatosha," alisema.

Signe alisimama nalo kiganjani mpaka vidole vikafa ganzi, huku Lowell akishuka ngazi moja moja kwenda kumwinua Arvid.