Hatua Elfu Tisa za Mama Sindano

"Mimi kwa siku natembea kuliko tarishi," Mama Sindano aliwaambia wateja wake, na papo hapo akamwomba mmoja wao amsogezee mkasi uliokuwa hatua mbili tu kutoka alipokaa, maana kuinuka nako ni kazi.

Hatua lakini zilikuwepo, tena za kuhesabiwa. Tangu apasuliwe nyonga mwaka uliopita, madaktari walimwonya kwamba mtu wa miaka sabini na nne akikaa kitako kutwa, damu humgandia kwenye shavu la mguu, na donge likibanduka huko chini likapanda hadi mapafuni, hapo hakuna fundi wa kuliwekea kiraka. Dawa ni kutembea. Binti yake, mwalimu wa hesabu, mtu wa kuhesabu hata punje za chumvi, akamnunulia kidude cha kubana kiunoni, kinachohesabu hatua na kuzituma chenyewe kwenye simu ya huyo binti. Akaweka na sharti: hatua elfu tano kila siku. Zikipungua, cherehani inahamia kwake, ikapambe sebule.

Cherehani hiyo ya kukanyaga ndiyo iliyomsomesha huyo huyo mwalimu. Mama Sindano alijitahidi kutembea siku tatu. Siku ya nne sare za shule zikawa zimerundikana hadi dirishani, naye akachukua uzi wa vifungo, akakifunga kidude kwenye kanyagio la cherehani. Akikanyaga, kinahesabu. Kufika jioni alikuwa ametembea elfu tisa na hajavuka mlango. Binti akampigia simu kumpongeza, akamsihi aende taratibu asije akajiumiza. Mama akajibu kwa unyenyekevu kwamba damu ya ujana bado imo.

Miezi miwili ikapita hivyo. Kisha Alhamisi moja damu hiyo ikaanza vituko. Mguu wa kushoto ukavimba, wa kulia hauna habari. Shavu likawa gumu, la moto, hata pindo la sketi likiligusa linauma. Akauficha kwa soksi ndefu. Ijumaa asubuhi alipanda vidaraja vitatu vya mlangoni pake, pumzi ikamkatikia katikati kama uzi mbovu.

Mdogo wake, aliyeshona naye chumba kimoja na kuijua siri ya kidude na kuicheka kila siku, safari hii hakucheka. Akamwita mwalimu. Mwalimu alipofika na gari, Mama Sindano bado alikuwa anatoa amri: kazi isilale, mdogo wake akae kwenye cherehani yake amalizie kola.

Walikuwa wamefika kwenye mlango wa hospitali alipokumbuka kiuno chake kitupu. Akaivuta blauzi chini kukifunika.

Daktari alimlaza kitandani, akavuta pazia, akamwuliza kama aligonga mguu mahali. Hakugonga. Kupumua je? Akasema kunapanda na kushuka, kama kwa kila mtu.

"Na kukaa, mama? Kwa siku unakaa muda gani?"

Mama Sindano akamtazama binti yake. Ukweli ulikuwa neno moja tu, lakini nyuma ya neno hilo aliiona cherehani yake sebuleni kwa watu, imewekewa chombo cha maua ya plastiki kichwani.

"Sikai, mwanangu. Muulize huyu."

Binti akatoa simu kwa fahari, akampa. Daktari akasoma, akatikisa kichwa. "Jana elfu tisa na mia nne. Hata mimi sifikishi. Basi hapa msuli umechoka." Akaiweka simu mezani, akaanza kuandika: dawa ya maumivu, na wiki nzima ya kukaa tu, asinyanyuke ovyo.

Wiki nzima ya kukaa. Mama Sindano alisikia kalamu ikikwaruza karatasi, na chini ya soksi shavu la mguu likipwita kwa kuifuatisha. Akavuta pumzi, ikaishia njiani. Alijua kinachoandikwa pale ni nini. Akafungua mdomo.

"Hiyo dawa," akasema, "ni kabla ya chakula au baada?"

Simu ikatoa mlio mezani. Binti akainama kuitazama, na tabasamu likaganda.

"Mama, kidude kiko wapi?"

"Si kiko hapa kiunoni."

"Hapa kinasema unatembea. Sasa hivi. Mia sita na kumi. Mia sita na kumi na tano."

Wote watatu wakaitazama miguu miwili iliyolala kitandani kimya. Daktari aliichana ile karatasi, akaivuta soksi hadi kwenye kifundo, akabonyeza shavu kwa kidole, kisha akafungua pazia akamwita nesi alete kiti cha magurudumu: picha ya mishipa mara moja, na mama huyu asikanyage chini.

"Kitakuwa kimeharibika," Mama Sindano akasema taratibu. "Vitu vya siku hizi."

Mwalimu akaichukua simu yake. Akapiga namba ya chumba cha ushonaji, akaweka sauti kubwa, ngurumo ya cherehani ikajaa pale ndani.

"Mama mdogo, hebu acha kukanyaga."

Ngurumo ikanyamaza. Kwenye kioo, namba ikasimama.

"Haya, kanyaga."