Jina la Mhusika

Mwaka jana mvua ya Novemba iliikuta korosho ya mama yangu nje ya ghala, na kosa lilikuwa letu. Seva, kompyuta kuu ya chama chetu cha ushirika hapa Masasi, ilijaa msimu ulipopamba moto, upimaji wa korosho, unaoandikwa humo, ukasimama siku mbili, watu wa kwetu Lulindi wakabaki wamekaa juu ya magunia yao. Korosho ya mama ikashushwa daraja. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliuliza tu, "Paulina, kazi ya kuiangalia hiyo mashine ni ya nani?"

Idara ya kompyuta tuko watatu: mkuu wetu Baba Gasper, Mujibu na mimi. Fomu ya kueleza kila mwezi seva imelemewa kiasi gani, na msimu ujao itahitaji nini, tulikuwa nayo. Ila penye jina la mhusika palikuwa patupu miaka mitatu. Mimi na Mujibu tulipaogopa. Nani angejiandika pale na mkubwa yupo?

Julai mwaka huu, kikaoni, Baba Gasper akasema tena, "Tutaiangalia sote."

Damu ikanichemka. "Niwie radhi, Baba Gasper. Mwaka jana tuliiangalia sote, korosho ya mama yangu ikalowa. Naomba jina la mtu mmoja."

Mujibu akainamia viatu vyake. Mzee aliniangalia mpaka nikatamani kuyameza maneno yangu.

"Pale penye jina niliwaachia ninyi," akasema taratibu. "Mwakani nastaafu. Nilingoja mmoja wenu apachukue, nikadhani hamtaki."

Miaka mitatu sisi tunamheshimu, yeye anatungoja. Nilicheka, ingawa hasira ilikuwa bado imenijaa.

Akachukua kalamu, akaandika. Mujibu, taarifa. Mimi, makadirio ya msimu, na penye mhusika jina langu. Taarifa ya Agosti ilionyesha imebaki robo tu ya nafasi ya seva. Nikawapigia simu makatibu wa vijiji, kuanzia Lupaso hadi Chidya, kuuliza wanatarajia wakulima wangapi, nikaona Novemba tungekwama tena. Septemba tukafunga diski mpya.

Novemba ikafika, foleni ikatoka hadi barabarani, na upimaji haukusimama. Mama alipata stakabadhi yake kabla hajamaliza kusalimiana na watu. Akanifuata ofisini, nikamwamkia, akarudia swali lake lilelile.

"Ni yangu, mama," nikasema.

"Haya," akasema, akijitanda kanga. "Nikilowa tena, najua nimfuate nani."