Chuma Mara Tatu

Nianze na kununa kwangu, maana nilinuna muhula mzima. Bendi ya shule yetu ilikuwa na watu thelathini na mmoja. Thelathini walikuwa na vyombo vya maana: matarumbeta, filimbi, fidla, ngoma kubwa. Mimi nilipewa kile chuma chembamba cha pembe tatu kinachoning'inizwa kwa uzi. Ukikigonga kinalia ting, basi. Katika wimbo mzima nilikuwa na ting moja, mwisho kabisa, matarumbeta yote yakiwa yanapiga kelele. Nani angenisikia? Kila tulipomaliza mazoezi Mwalimu aliniinamia, miwani imeshuka puani, akaniuliza, "Umepiga?" Wenzangu wakavunjika mbavu. Nami nilijibu nimepiga, huku moyoni nikimtukana matusi ambayo sikujua kama nayajua.

Dada yangu, aliyepiga fidla na kujisikia kweli kweli, aliniita Fundi Chuma hata mbele ya wageni. Nikamwambia mama nataka kuacha. Mama hakuinua macho kwenye cherehani. Alisema niache nikitaka, lakini sare ya bendi ameshaishona, na nitaivaa hata kwenda dukani. Nikabaki.

Chumba chetu cha mazoezi kilikuwa mwisho wa madarasa, dirisha limetazamana na kengele ya shule, ambayo kwa kweli ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye nguzo. Mwalimu alikuwa mtu wa saa. Saa kumi kamili mkono wake ulikuwa juu, na tulianza wimbo wetu wa tamasha, tuwe tumetimia au tuko nusu. Saa kumi na dakika nne mlinzi aligonga reli mara tatu, kuwaita watu wa zamu ya kufagia. Wakati huo sisi tulikuwa tumefika palepale, kwenye sehemu ya polepole, fidla zinalalamika. Mwalimu alikunja ngumi, tukanyamaza. Nga, nga, nga. Ngumi ikafunguka, tukaendelea. Ilikuwa hivyo kila siku ya Mungu, mpaka ikafika mahali hatuitazami hata ngumi yenyewe. Mwili ulishajua.

Tamasha la bendi za wanafunzi lilifanyika kwenye ukumbi mkubwa wa muziki, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mkuu wa shule alikuwa ameshasema waziwazi kwamba tusiporudi na daraja la kwanza, bendi inavunjwa na chumba kinakuwa stoo ya madawati mabovu. Mwalimu alitueleza yote hayo bila kubadili sauti, kama anasoma tangazo. Ila asubuhi ya kupanda jukwaani alikuwa amefunga vifungo vya shati vibaya, upande mmoja juu, mwingine chini, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Ukumbi ule bado nauona. Viti vyekundu mpaka juu kwenye roshani, na mbao za jukwaa zimeng'arishwa hadi unaona soksi zako. Shule zilizotutangulia zilipiga vizuri mpaka inakera. Ikafika zamu yetu. Tulianza vizuri, nasema bila kupiga chuku. Dada yangu alikuwa amefumba macho kwa raha. Tukafika kwenye sehemu ya polepole, na bendi nzima ikanyamaza.

Kwenye karatasi za noti hapakuwa na kituo chochote pale. Tulikuwa tunasubiri kengele. Mwalimu naye alikuwa anasubiri kengele, ngumi yake iko hewani, na reli yenyewe tuliiacha nyumbani, imening'inia kwenye nguzo yake.

Nilimwona Mwalimu anang'amua, uso unamsinyaa, na ngumi haifunguki, maana muhula mzima haikuwahi kufunguka kabla ya reli kulia. Niliona madawati mabovu yanaingizwa chumbani kwetu moja baada ya jingine. Na ghafla nikagundua kwamba namhurumia yule mtu, na vifungo vyake vile. Kwenye jukwaa zima chuma kilikuwa kimoja tu, na nilikishika mimi. Nikagonga. Ting. Watu wote wakanigeukia. Nikagonga ya pili, nikagonga ya tatu. Ngumi ikafunguka, na fidla zikaingia kana kwamba hakuna lililotokea.

Karatasi ya majaji tuliisomea ndani ya basi. Waliandika kwamba kile kimya, na chuma kinachokivunja, vimepangwa na mtu anayeijua kazi yake. Daraja la kwanza. Mwalimu alisoma mara mbili, akavua miwani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, hakuniuliza kama nimepiga. Dada yangu alininunia hadi tunafika nyumbani, na mimi nililala usingizi mtamu sana.

Mwezi uliopita, miaka thelathini na minne baadaye, nilirudi kwenye ukumbi ule. Siku hizi mimi ni nesi, magoti yananiuma, sijagusa chuma tangu nimalize shule. Shule yetu ilikuwa inapiga, na wimbo ulikuwa uleule. Nilimpitia Mwalimu nyumbani kwake nikamleta. Masikio yake yamekufa yote mawili, na njia nzima nilijilaumu: mtu hasikii, unampeleka kwenye muziki, huko si kumtesa? Mlangoni tulikutana na kijana anayeongoza bendi sasa. Aliniambia kwamba kwenye karatasi za zamani za noti kuna maandishi ya kalamu nyekundu: kimya, kisha chuma mara tatu. Reli ilishang'olewa zamani, na hakuna anayejua maandishi yale yalitoka wapi, lakini watoto wanakigombania kile chuma kuliko tarumbeta. Nilitaka kumweleza, lakini Mwalimu alishaanza kunivuta kuelekea kwenye viti.

Tukaketi. Wakaanza. Mwalimu aliwatazama tu, mikono magotini. Ilipofika sehemu ya polepole, kijana akakunja ngumi, na bendi nzima ikanyamaza. Niliangalia chini. Mkono wa Mwalimu nao ulikuwa umekunja ngumi.

Akaniinamia. Asiyesikia hajui sauti yake ina ukubwa gani, na ukumbi mzima ulimsikia.

"Umepiga?"

Vichwa viligeuka, na sikujali. Kule jukwaani msichana mwembamba alikuwa anainua kifimbo chake. Nikaushika mkono wa Mwalimu, na kila chuma kilipolia nikamgonga kwa kidole mgongoni mwa ngumi, mara tatu. Ngumi ikafunguka.