Mukwe Hatemi Mayi

Nilikosa. Niseme minye mwenyewe kabla Orpha, bibi yangu, hayaisema ku kanisa: minye Mathieu, muntu ya diplôme, nilipoteza sauti yangu ju ya heshima.

Asthme yangu, ile ugonjwa ya pumzi, na minye tunajuana zamani. Ile mwaka docta Carmen akanipatia pompi mupya, ya dawa ya corticoïde, ya kuvuta na kinywa asubui na mangaribi. "Kila mara kisha kuvuta," akasema, "unasukula kinywa na mayi mpaka mu koo, alafu unatema. Usimeze." Nikajibu "Oui, docteur", na ile sauti ya muntu anafikiria chakula.

Ile ile juma, mama mukwe, Mamu Germaine, akafika toka Kakanda ju ya ndoa ya Jessica, mujukuu yake. Na mu ile ndoa, minye njo nilikuwa modérateur: muntu ya mikro, wa kuchekesha bantu tangu bibi-arusi anaingia mpaka bière inaisha. Mu Likasi yote hakuna mwingine. Bon, iko Constantin. Lakini Constantin anachekaka yeye mwenyewe mbele ya kumaliza hadisi.

Sasa, mu lupango yetu, kiwanja ya nyumba, robine inatoaka mayi kidogo asubui na kidogo mangaribi. Mamu Germaine akaweka kiti yake pale pembeni, mabidon mbele yake kama ba soldat, akaikala. Saa ya mayi na saa ya pompi ni saa moja. Na sisi bantu ya Kasai, mbele ya mama ya bibi yako hauwezi hata kutafuna mufupa. Weye uende pale, krrr krrr krrr, alafu pwaa, uteme karibu na miguu yake? Ukoo muzima ungekuya kurudisha binti yao kwao. Njo nilikuwa navuta pompi, nafunga kinywa, namusalimia kichwa chini, naenda ku kazi. Heshima kamili.

Kisha majuma kidogo, sauti ikaanza kukwaruza. Ikakuwa kama mulango ya zamani. Alafu ikakuwa kama panya nyuma ya ule mulango. Mamu Germaine alifurahi sana. Nilimusikia anaambia ba jirani:

"Muone mukwe yangu! Hata sauti hapandishake mbele yangu. Siku hizi utamupata wapi wa hivi?"

Docta Carmen, yeye, hakufurahi. Aliangalia mukinywa na lampe.

"Papa Mathieu, uko na champignons humu, uyoga."

"Docta, mvula yenyewe haiyanyesha."

"Zinaota ju dawa inabakia mukinywa. Na ile inashuka mu koo inachokesha sauti. Unasukulaka?"

Nikamuelezea: robine, kiti, mabidon, mama mukwe. Alinisikiliza kama muntu anaangalia camion ya mizigo imeanguka.

"Na kopo mu chambre yako? Na ndoo ya kutemea?"

Nikahesabu ndoo zetu mu kichwa.

"Papa, diplôme yako ilikuwa ya nini?"

"Pédagogie générale. Ualimu."

"Aa." Akaniandikia dawa ya champignons. "Pompi usiache, ile njo inakufanya upumue. Sukula, tema. Na sauti uipumuzishe mpaka siku ya ndoa. Hata kunongona, apana."

Kupumuzisha sauti, minye! Nilivumilia vizuri kabisa, mpaka ku mulango ya hospitali. Pale nikakutana na sentinelle, mulinzi ya pale, mwenye kuvaa viatu ya rangi mbili. Weye ungenyamaza?

Orpha akapeleka habari ku mama yake. Mangaribi Mamu Germaine akaniita.

"Mathieu, minye nililea batoto, nilipangusa matapiko ya baba yao. Weye unaogopa kutema mayi?" Akageuza kiti, akanipatia mugongo. "Tema."

Sikuweza. Nilichota mayi na kopo, nikakimbilia mu chambre. Nikasikia anauliza Orpha kama masomo yangu nilimaliza kweli.

Samedi ya ndoa ikafika, salle ya sherehe imejaa. Nikashika mikro: "Ba mama na ba papa..." Ikatoka pumzi, na nyuma ya pumzi kelele ya kuku. Muntu ya sono, wa vyombo ya sauti, akagonga mikro, akabadilisha pile, ile betri, akasema mikro haina na shida. Bantu bakaniangalia kwa huruma, na huruma haichekeshake.

Constantin akapanda. Akanitosha mikro mu mukono polepole, kama wanavyotosha kisu kwa mutoto. Na akaanza hadisi yangu, ile ya mbuzi ya préfet, mukubwa ya masomo. Akaanzia mwisho, na akaua mbuzi! Akacheka yeye wa kwanza. Salle ikamufuata. Mamu Germaine alicheka mpaka kitambala ikaanguka.

Nilishuka, nikasimama mbele ya jukwaa, nikamuvuta koti, nikamunongonea. Yeye alikuwa anangojea makofi yapite.

"Constantin, ndugu yangu, nirudishie mikro. Ya hadisi moja tu. Ule mbuzi hakufa, Constantin. Nirudishie."