Cherehani ya Pili

"Una swali lolote kwetu?" Thabo aliuliza, akifunga kompyuta yake.

Jocelyne alikunja mikono mapajani na kuinamisha macho, kama alivyolelewa. "Hapana. Asante sana."

Maswali yalikuwa yamemjaa tele. Nani angemwelekeza siku za mwanzo? Walikuwa wanatengeneza nini hasa pale ofisini? Aliyameza yote.

Thabo, aliyekuwa msaili wake, alimsindikiza hadi kwenye lifti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi Jocelyne.

"Nikwambie ukweli, dada. Programu uliyoandika pale ubaoni ilikuwa sawa. Lakini uliandika kimya kimya mwanzo mpaka mwisho, hatukujua unafikiri nini. Halafu hukuuliza chochote. Wenzangu wameona huna haja na sisi."

"Nilikuwa nawaheshimu," alisema Jocelyne, lakini milango ya lifti ilikuwa imeshafungwa.

Alitembea kutoka Newtown, zilikokuwa ofisi zile, hadi kwao Joubert Park akiwa amefura kwa hasira. Alijifunza kuandika programu kwa kompyuta ya kuazima, akaandaa wasifu, akashonewa hata blauzi. Kumbe alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kufungua mdomo.

Nyumbani alimkuta tonton wake Marcellin, mdogo wa marehemu baba yake, akishona sketi ya mteja. Ndiye aliyemlea tangu Lubumbashi, kabla hawajahamia huku. Kando yake ilisimama cherehani ya pili, mpya, bado imefunikwa shuka. Walikubaliana kwamba Jocelyne asipopata kazi kabla ya Pasaka, ataketi kwenye hiyo.

"Ilienda muzuri?"

"Hawatanichukua, tonton. Wanasema nilinyamaza."

"Ulifanya vizuri. Mbele ya wakubwa mtoto haulizi-ulizi. Njo vile nilikufundisha."

"Ndiyo, wewe ndiye ulinifundisha! Na ndiyo maana nimekosa."

Sauti yake ilimtisha mwenyewe. Katika nyumba ile hakuwahi kumpandishia mtu mzima sauti.

Marcellin alivua miwani. Ilionekana wazi kwamba alitaka kugomba, kisha akaghairi. Aliifuta miwani kwa kipande cha kitambaa.

"Kuko pahali pengine wamekuita?"

"Ijumaa."

"Basi jizoeze. Mimi niko bosi. Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Kitu unataka kujua kabisa." Alirudisha miwani machoni na kuanza tena kushona.

Jocelyne aliitazama shuka iliyofunika cherehani. Moyo ulimwenda mbio kuliko ulivyomwenda mbele ya Thabo na wenzake.

"Hii mashine, tonton. Uliinunua kabla sijaanza kutafuta kazi. Ulijua nitashindwa?"

Mguu wa Marcellin uliganda juu ya pedali, sindano ikabaki imezama katikati ya kitambaa. Huko chini barabarani teksi ziliendelea kupigiana honi. Jocelyne alisubiri jibu, na safari hii hakuinamisha macho.