Weupe Kwenye Kitambaa Cheusi

Che-che-che. Che-che-che. Alfajiri, umeme umekatika, na mama mkwe wangu anachekecha unga gizani kwa mazoea ya mkono tu. Nilipowasha mshumaa nikamkuta binti yangu wa miaka minne amekumbatia mgongo wa kiti, kaupaka unga wote.

"We mtoto! Kiti cha babu yako hicho!"

"Mwache," akasema mama mkwe. "Tangu niolewe sijayaona maua hayo vizuri hivyo."

Kweli. Kiti kilishaingia weusi wa miaka, nakshi zake unazipapasa tu kwa kidole. Sasa kila ua lilikuwa limetoka jeupe pe. Nikaganda na mshumaa mkononi. Saa nne asubuhi hiyohiyo, kwenye makumbusho ninakofanya kazi, kibao cha mimbari ya kale kilikuwa kipakwe rangi nyeupe ndani ya nakshi, kwa sababu picha yake ya zamani inaonyesha weupe. Na rangi ikishanywewa na mbao kavu kama ile, haitoki tena.

Kazi yangu ni kuziandikia kadi picha za mwanzo za makumbusho: mabakuli ya udongo yenye maandishi ya Kiarabu, vibao, masanduku ya kuchongwa. Nilifika mbiombio. Fundi, ambaye sote tunamwita Brashi, alishakoroga rangi.

"Shikamoo, Brashi. Hebu weka chini hiyo."

"Marahaba. Kasema nani?"

"Mimi."

Akacheka. "Picha ya kwanza kabisa hii hapa, nakshi nyeupe. Kwani picha inadanganya, mama mtoto? Au ndiyo mnayofundishwa madarasa ya jioni?"

"Jioni huwa tunawasha taa, Brashi. Njoo uone."

Nikampangia mezani picha mbili. Namba arobaini, kibao. Namba arobaini na moja, bakuli, lililopigwa picha mara tu baada yake, juu ya kitambaa kilekile cheusi. Kando ya bakuli kulikuwa na mstari wa vumbi jeupe, umenyooka kama ukingo wa ubao, na alama za vidole vinne.

Brashi akasoma kadi. "Imeandikwa 'madoa ya kioo cha kamera'. Nani kaandika?"

"Mimi. Nilikosea." Nikaikata kwa kalamu mbele yake, nikaandika upya: unga au chokaa, uliodondoka kutoka kwenye kibao. Nikamsimulia kiti chetu na unga wa alfajiri. "Mpigapicha alitaka nakshi zionekane. Kapaka, kapiga picha, kafuta."

Brashi akalitoa bakuli lenyewe kabatini, akalipima, akapima na picha, akapiga hesabu kwenye kiganja kupata urefu halisi wa mstari. Urefu wa mstari na urefu wa kibao ulikuwa mmoja. Akarudia. Halafu akachukua kifuniko cha kopo, akakigongagonga mpaka kikabana.

"Rangi yote hii nimekoroga! Nileteeni basi hicho kiti chenu nikipake."

"Thubutu. Mama mkwe atakukoroga wewe."

Jumamosi nikawaleta wote wawili, bibi na mjukuu. Kibao kilikuwa ukutani, cheusi, vilevile kilivyo. Watu walikuwa wakipita wakisema hakionekani kitu, na mimi, nisifiche, nikaanza kuwaza labda ningewaachia weupe wao. Nikamwinua binti yangu, uso wake ukakaribia mbao. Akakodoa macho, kidole kikifuata maua hewani.

"Mama, mimi nayaona bila unga."