Utepe wa Bawa la Kushoto

Saidati, fundi wa ndege, alikuwa amekwisha kubandika utepe kwenye bawa la kulia pale simu ilipoita. Alikuwa mama yake, kutoka Mudende. Baba, ambaye siku hizi maradhi ya kusahau yamemkalia, ametoka asubuhi bila viatu na hajulikani alipo.

"Umeangalia shambani?"

"Nimeangalia shambani, kwa majirani, hata kule bondeni. Mwanangu, nimekwisha."

Saidati alitoka nje ya banda la ndege, akasimama ukingoni mwa kiwanja huku simu ikimchoma sikio. Akampigia huyu, akampigia yule. Nusu saa baadaye mama akapiga tena akicheka na kulia kwa pamoja: mzee ameonekana sokoni, amekaa na wauza viazi, anabishana nao bei kama zamani.

Saidati akamshukuru Mungu, akarudi kwenye ndege anaimba. Huzuni husahaulisha, lakini furaha nayo husahaulisha.

Ilikuwa ndege ndogo ya viti vinne, ya kampuni iliyokuwa ikipiga picha milima inayomomonyoka wakati wa mvua. Nyuma ya kila bawa kuna kibawa kinachopanda na kushuka, ambacho rubani hukitumia kuilaza ndege upande. Na kati ya bawa na kibawa pana mwanya mwembamba. Upepo ukipenya pale, ndege hutetemeka na picha hazifai. Ndiyo maana mwanya huzibwa kwa utepe mweupe wa gundi. Si kazi ngumu, ila ina sharti moja: kwanza ufute bati kwa spiriti mpaka ling'ae, kwa kuwa vumbi la volkano huanguka Gisenyi bila kuonekana, na gundi haishiki juu ya vumbi.

Alibandika upande wa kushoto, akaupapasa kwa kiganja, ukalala vizuri. Akatia sahihi kwenye daftari. Saa nne kasorobo rubani, Gasana, akakagua usukani, ukaenda huku na huku bila taabu. Nyuma yake alikaa Illuminée, mpiga picha, na kamera yake kubwa mapajani. Wakaruka kuelekea Kanama.

Saidati akaanza kukusanya vifaa. Alikuwa ametenga vitambaa viwili, kimoja kwa kila bawa. Cha kwanza kilikuwa cheusi kama chungu. Cha pili kilikuwa cheupe, kimekunjwa vilevile alivyokikunja.

Alikishika, akakikunjua, akakigeuza, kana kwamba uchafu ungejitokeza upande wa pili.

Mkuu wa mafundi, Hitimana, aliyezaliwa na kukulia Goma, alikuwa mezani anakunywa chai. Saidati akamweleza bila kuficha kitu.

"Bon, ngoja kwanza," Hitimana alisema, akiweka kikombe chini. "Ile utepe iko kitu kidogo. Ikitoka, itaanguka chini, basi."

"Na usipoanguka? Ukijiviringisha ukaingia kwenye mwanya?"

"Mi niko na miaka makumi mbili kwa hii kazi. We ukimuita, ataogopa, na mutu mwenye kuogopa ndiye anaangusha ndege. Tena wakubwa watasikia. Unataka wafunge hii atelier, hii karakana yetu? Nyamaza, anarudi saa sita."

Maneno yale yalikuwa na utamu wake. Saidati alisimama akayaonja. Alitazama redio ya upepo ukutani, ile ya kuzungumza na rubani, akamtazama Hitimana, ambaye hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyempa kazi wakati mafundi wengine walimcheka. Kisha moyoni akamwona Illuminée akipanda na ile kamera, akiuliza kwa utani kama mlango umefungwa vizuri.

Akainyakua redio.

"Gasana, ni Saidati. Bawa la kushoto sikulifuta kabla ya kubandika. Utepe unaweza kubanduka. Rudi."

Redio ikakwaruza. Kisha sauti ya Gasana, aliyelelewa Karagwe kama yeye, ikaja bila haraka: "Nilidhani ni upepo. Usukani unanigomea nikilaza kushoto. Ukienda, haurudi wote."

"Usiulazimishe. Geukia kulia tu, pole pole, hata kama ni mbali."

"Nimekusikia."

Hitimana alikuwa amesimama nyuma yake. Alitoka mbio kwenda kuwaita watu wa zimamoto, na kikombe chake kikamwagika mezani.

Walimwona Gasana akitokea juu ya ziwa, anazunguka duara kubwa la kulia, bawa moja limeinama kidogo kama mtu mwenye bega bovu. Mara ya kwanza alishuka akiwa nje ya mstari, akapaa tena. Mara ya pili magurudumu yaligusa, yakaruka, yakagusa tena. Ndege ikapinda mpaka kwenye majani, ikasimama.

Utepe ulikuwa umejisokota kama kamba, umejishindilia kwenye mwanya. Gasana aliuchomoa, akamgeukia Saidati.

"La kulia ulilifuta?"

"Ndiyo."

"Na la kushoto ukatia sahihi."

"Nikatia sahihi."

Alitikisa kichwa, akaondoka kwa miguu kuelekea lango, mgongo wa shati lake umelowa.

Saidati aliandika taarifa yote kwa mkono wake, hata ile simu ya baba, ingawa Hitimana alimsihi aiache. Wakubwa hawakumfukuza. Walimwondolea ruhusa ya kutia sahihi. Sasa kila anachofanya, mtu mwingine hukikagua. Gasana humsalimia kwa adabu, kisha huizunguka ndege peke yake, akivuta kila ukingo wa utepe kwa ukucha, mbele ya macho ya Saidati.

Wiki tatu baadaye Saidati alikutana na Illuminée kwenye barabara ya Kanama, viatu vimejaa tope. Sasa mpiga picha huyo alikuwa akipanda milima kwa miguu, kamera mgongoni.

"Mama aliniuliza jina yako," Illuminée alisema. "Anataka kukuombea. Nikamupa."

"Asante, dada."

"Uliita, donc niko hai. Hiyo najua." Alihamisha mkanda wa kamera kutoka bega hili kwenda lile. "Lakini mi sitapanda tena kitu uligusa. Unisamehe."

Saidati alitaka kumjibu, lakini basi dogo la Kanama lilikuwa limesimama, na Illuminée alikwisha kuingia.